Bibi, kitunguu saumu nacho ni dawa

Haipiti wiki hapa dukani Langoni bila mtu kuniambia "mwanangu, damu yangu imekuwa nzito, haitembei", na mara nyingi ni kina bibi, miguu inaingia ganzi usiku, na mkobani tayari wana kitunguu saumu na habasoda. Mimi mfamasia na siwaambii watupe, hapana.

Ila kitunguu saumu ukikimeza kizima kama kidonge hupati mengi, manake alisini, ile kemikali yake inayofanya kazi, haikai humo tayari, inatengenezeka pale unapokiponda, na ukikitia mafuta ya moto papo hapo kimeng'enya kinachoitengeneza kinakufa. Kiponde, kiache dakika 10 hivi, ndo utumie. Kwa wenye presha tafiti zimeonyesha kinaishusha kidogo, na kinapunguza chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba kidonda, kugandana, kwa hiyo wazee hawakukosea. Rozela nayo, yale maua mekundu ya kinywaji, mwaka 2010 huko Marekani walipima watu 65, waliokunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6 presha yao, ile namba ya juu, ilishuka pointi 7 hivi, wenzao waliopewa kinywaji cha kuigiza moja tu. Lakini bila sukari jamani! Tangawizi ya kwenye kahawa ya barazani kunywa kwa raha zako, kwa upande wa damu tafiti zake zinapingana.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Bibi mmoja alikuwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande (yenyewe chimbuko lake majani, ng'ombe Marekani na Kanada miaka ya 1920 walivuja damu wakafa kwa kula klova, majani ya malisho, iliyooza), akaja fizi zinatoka damu, mikono ina mavilio meusi. Kliniki waliwahi kumuuliza kama anatumia dawa zingine akasema la, na hakudanganya, kwake kitunguu saumu ni chakula, punje sita mbichi kila alfajiri, kumbe nacho kinazuia damu kugandana juu ya ile warfarini. Tangu siku hiyo siulizi tena habari ya dawa, nauliza "bibi, kabla ya chai unatia nini mdomoni?" na hapo ndo mambo yote yanatoka.

Na ile ganzi ya miguu, wengi wao nikiwatoboa kidole nakuta ni sukari, imeshaanza kula mishipa ya fahamu, damu yenyewe wala haina uzito wowote.