Je, wajua kwa nini chati ya disko ya Marekani haikuangalia mauzo?

Wengi wetu tukisikia neno chati tunawaza mauzo moja kwa moja, yaani ngoma iliyouza sana ndo namba moja, iliyofuatia namba mbili, basi. Sasa ile chati ya disko iliyoanza Marekani miaka ya 70 ilikuwa na akili nyingine kabisa, haikuuliza nani kauza, iliuliza jana usiku dijei aliweka nini watu wakaacha vinywaji mezani wakakimbilia kucheza. Na hilo halikuwa pambo, kulikuwa na sababu ya kweli.

Rudi kidogo nyuma, mwaka 1972. Manu Dibango wa Kameruni karekodi wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika maana mwaka ule mashindano yalikuwa kwao, na upande wa pili wa santuri, ule upande B ambao kawaida unawekwa chochote ili mradi usibaki mtupu, akaweka kitu kinaitwa Soul Makossa. Nakala chache zikavuka bahari zikaangukia Brooklyn, New York, dijei David Mancuso akaiokota kwenye duka la santuri la watu wa visiwa vya Karibi akaenda kuipiga kwake. Mancuso huyu alikuwa anafanya party nyumbani kwake New York, pakajulikana kama The Loft, huingii bila mwaliko. Watu wakachanganyikiwa na ule wimbo. Frankie Crocker wa redio WBLS akaudaka, wanaoutaka wakawa hawaupati madukani, wasanii wengine wakaharakisha kutoa kopi zao wenyewe, mwishowe kampuni ya rekodi ya Atlantic wakanunua haki wakautoa rasmi na mwaka 1973 ukafika namba 35 kwenye Hot 100, ile chati kuu ya nyimbo Marekani ya jarida la Billboard. Upande B wa wimbo wa mpira jamani!

Hebu fikiria wewe ndo bosi wa kampuni ya rekodi unaangalia hiyo stori. Mfumo wako wote umejengwa juu ya redio, unampelekea mtangazaji wimbo, anaupiga, watu wanaenda dukani, duka linaripoti, chati inapanda. Hapa mambo yamekuja kinyumenyume, klabu kwanza, redio baadaye, duka la mwisho na tena halina mzigo. Mwaka 1974 ikatokea tena na safari hii kwa kishindo, Rock the Boat ya Hues Corporation ilianza kuwaka klabu kwanza halafu Julai ikashika namba moja ya taifa zima, na iliyoipokea kiti ni Rock Your Baby ya George McCrae, nayo ya kuchezeka vile vile. Hapo hata asiyependa disko akaelewa kwamba kuna watu wanajua hiti wiki kadhaa kabla ya redio, na watu hao ni madijei.

Ndo tarehe 26 Oktoba 1974 jarida la Billboard likaanza safu inaitwa Disco Action, mwandishi wake Tom Moulton. Ndani yake kulikuwa na orodha ya nyimbo zilizoitikiwa zaidi na watu kwenye klabu za New York, mji mmoja tu, na aliyetangulia kushika namba moja ni Gloria Gaynor na Never Can Say Goodbye. Namna ya kuipata ilikuwa rahisi hadi unashangaa, dijei anaulizwa zipi zimejaza ukumbi wiki hii, anazitaja, majibu ya wenzake yanajumlishwa. Hakuna risiti wala hesabu ya redio, ni macho ya mtu aliyesimama nyuma ya mashine mbili za santuri saa nane za usiku.

Moulton mwenyewe ni wa kumuongelea peke yake. Alikuwa mwanamitindo, na siku moja akiwa kwenye klabu kisiwani Fire Island akaona jambo ambalo wengine waliliona kila siku wakalipuuza: wimbo ukiwa umeanza kukolea, watu ndo wanaanza kutoka jasho, unaisha. Dakika tatu zimekwisha, unaingia mwingine wenye mwendo tofauti, wale waliokuwa wanacheza wanasimama wanaangaliana wanarudi kukaa. Akaenda kutengeneza kanda ya dakika 45 isiyokatika, akikata na kuunga kwa mkono, kazi ikamla masaa kama 80. Baada ya hapo akawa ndo fundi wa kurefusha nyimbo za watu.

Kwenye kurefusha huko ndo ikazaliwa santuri ya inchi 12 ya wimbo mmoja, na ilizaliwa kwa bahati tu. Alienda kwa fundi wake José Rodriguez kuchonga wimbo wa mwimbaji Al Downing, sahani tupu za inchi 7 za kuchongea zikawa zimeisha, fundi akamwambia nina kubwa tu. Wakachonga kwenye ile kubwa, ukatokea mstari mwembamba wa muziki pembeni na uwanja mtupu katikati, Moulton akaona kituko, akasema basi tanua mistari ijae sahani. Sasa sikia, sauti kwenye santuri ni mchirizi unaoyumba kushoto kulia na sindano inaufuata, ukitaka sauti kubwa na besi nzito lazima mchirizi uyumbe zaidi, na ukiyumba zaidi unahitaji nafasi usigongane na jirani yake. Kwenye inchi 7 nafasi hiyo haipo, inabidi ubane sauti au ufupishe wimbo. Walipotanua, besi ikatoka kama ngumi. Walikuwa wanakwepa sura mbaya ya sahani, wakapata kitu ambacho madijei wangeuza viatu kukipata. Mwaka 1976 lebo ya Salsoul ikaingiza sokoni Ten Percent ya Double Exposure kwenye inchi 12, rimiksi, yaani wimbo uliopangwa upya, ya Walter Gibbons, na hapo ndo mtu wa kawaida akaanza kununua kile alichokuwa anakisikia klabu tu.

Turudi kwenye chati. Kabla ya hapo dijei alikuwa anazunguka ofisi moja baada ya nyingine kuomba santuri za bure, wengine wanapewa wengine wanafukuzwa mlangoni kama wauza mitumba, mpaka mwaka 1975 Mancuso na wenzake wakaanzisha umoja wa madijei New York. Kampuni inaleta mzigo sehemu moja, madijei wanagawana, na wao wanarudisha maoni ipi imewaka na ipi imezima ukumbi. Vyama kama hivyo vikaota miji mingine. Umeona mchezo ulivyo? Aliyepewa santuri bure ndo huyo huyo anayeripoti ipi inapendwa. Mimi sisemi walikuwa wanahongwa, ila lazima tukubali kampuni ilikuwa na kila sababu ya kumbembeleza, na ripoti ya dijei ni neno lake tu. Pamoja na hayo naona ilikuwa na ukweli fulani ambao mauzo hayana, kwa sababu dijei akipiga ngoma mbovu anaadhibiwa pale pale, ukumbi unabaki mtupu mbele ya macho yake.

Agosti 28, 1976 Billboard wakaacha habari ya mji mmoja mmoja, wakatoa chati moja ya nchi nzima, na ya kwanza kukaa kileleni ilikuwa You Should Be Dancing ya Bee Gees, mwaka mzima na ushee kabla ya ile filamu ya Saturday Night Fever kuwafanya wajulikane kila kona. Chati ile ilikuwa na vituko vyake, mojawapo ni kwamba dijei akiripoti kuwa anapiga albamu nzima basi albamu nzima inaingia kwenye nafasi moja, nyimbo zote zinahesabika kitu kimoja. Kwenye chati ya mauzo ya singo hilo haliwezekani. Klabu linawezekana, kwa sababu kuna albamu za disko zilipangwa upande mzima usikatike, kama ile ya Gaynor ambayo Moulton aliunganisha nyimbo tatu zikaenda kama wimbo mmoja wa dakika karibu 19.

Gaynor huyo huyo ndo anatupa mfano mtamu kuliko yote. 1978 kampuni yake ilitaka kusukuma wimbo unaitwa Substitute, upande B wakaweka I Will Survive, ambao aliurekodi akiwa amevaa kifaa cha kushikilia mgongo baada ya kuanguka jukwaani. Madijei wakageuza santuri. Walivyogeuza hawakurudi tena upande A, redio zikafuata, na Machi 1979 ukawa namba moja Marekani. 1980 ukachukua Grammy ya rekodi bora ya disko, tuzo iliyotolewa mara hiyo moja tu halafu ikafutwa.

Ilifutwa kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka. Julai 12, 1979 kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, walilipua shehena ya santuri za disko katikati ya mechi mbili, watu wakavamia uwanja, mechi ya pili haikuchezwa. Kampuni zikaanza kulikwepa hilo neno kama ugonjwa, zikawa zinaandika dansi badala ya disko, na jina la chati nalo likabadilishwa badilishwa. Lakini kazi ya chati haikubadilika, bado ilikuwa ni ripoti za madijei. Ndo maana 1982 singo ya kwanza ya Madonna, Everybody, iligoma kabisa kuingia Hot 100 huku kwenye chati ya klabu imefika namba 3. Mtu aliyekuwa anasoma chati moja tu asingejua kuna binti anakuja. Hata 1985 Billboard walipoamua kuhesabu mauzo ya zile inchi 12, walifungua chati nyingine pembeni, ile ya ripoti za klabu wakaiacha ilivyo.

Ikaenda hivyo mpaka Machi 2020. Wakati huo Madonna alishafikisha namba moja 50 kwenye chati hiyo. Korona ikafunga klabu zote, madijei wako nyumbani hawana wa kumpigia, na Billboard wakaisimamisha chati kwa sababu hakukuwa na ukumbi wa kuripoti.