Chenye gramu chache si lazima kiishe kwanza

Wanafunzi wengi wakipewa gramu za vitu viwili vinavyomenyuka, huchagua chenye gramu chache na kupigia hesabu yote hapo. Alama hupotea mapema hivyo, kwa sababu mlingano wa kemikali huhesabu moli (kipimo cha idadi ya chembe), hauhesabu gramu.

Chukua magnesiamu gramu 2.4 na asidi hidrokloriki sm³ 100 ya 1 M (moli 1 kwa kila dm³), ambayo ina HCl gramu 3.65. Tafuta moli kwa kugawanya gramu kwa uzito wa moli 1, yaani 24 kwa Mg na 36.5 kwa HCl: 2.4 ÷ 24 = 0.1, 3.65 ÷ 36.5 = 0.1. Moli sawa! Wengine hudhani basi vyote vitaisha pamoja. La hasha. Tazama mlingano:

Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂

Kila moli 1 ya magnesiamu inataka moli 2 za asidi. Kwa hiyo gawanya moli za kila kimoja kwa namba iliyo mbele yake: 0.1 ÷ 1 = 0.1, 0.1 ÷ 2 = 0.05. Penye jibu dogo ndipo panapoisha kwanza, nayo ni asidi, ile ile iliyokuwa na gramu nyingi. Hidrojeni itakayotoka ni moli 0.05, yaani dm³ 1.12 kwa 0 °C na kanieneo ya angahewa 1, ambapo moli 1 ya gesi hujaza dm³ 22.4. Aliyetumia magnesiamu ataandika 2.24, mara mbili ya jibu. Ndani ya bika mapovu yatakoma huku gramu 1.2 za magnesiamu zimebaki chini.