Uwanja Usiokupokea Siku ya Kwanza

Mtu akiniambia uwanja fulani wa gofu ni mbovu, humuuliza maswali mawili: umeucheza mara ngapi, na upepo ulikuwa ukitoka wapi? Wengi hununa. Wamecheza Jumamosi moja, wamepoteza mipira mitano, na hukumu wameshaipitisha.

Siwacheki. Bobby Jones mwenyewe, yule Mmarekani bingwa wa gofu, alianza hivyo. Mwaka 1921, akiwa na miaka 19, alikwenda St Andrews, Scotland, kushindania Open, ubingwa wa wazi wa Uingereza, kwenye uwanja uitwao Old Course. Raundi ya tatu ikamwendea kombo. Kwenye shimo la 11, kipande cha uwanja ambacho ukiangalia ramani ni kifupi tu, mpira ukazama bankani, yaani kwenye mtego wa mchanga, na kijana akasusa katikati ya mashindano. Mwaka 1927 alirudi palepale, akatwaa Open kwa tofauti ya mikwaju 6. Mwaka 1930 akashinda hapo ubingwa wa ridhaa wa Uingereza. Na mwaka 1958 mji huo ukampa uraia wa heshima, Mmarekani wa kwanza kuupata tangu Benjamin Franklin mwaka 1759.

Kilichomchanganya ni nini? Wengine huchanganyikiwa vilevile hadi leo, kwa hiyo nieleze.

Ukisimama pale pa kuanzia, mabanka mengi ya Old Course huyaoni. Unapiga mkwaju mzuri, unafika, mpira umezama kwenye mchanga ambao hukujua upo. Mgeni husema huyu aliyechora alikuwa mlevi. Kwanza, hakuna aliyeuchora wote: sehemu kubwa ni kazi ya mchanga, upepo na mifugo, kisha mikono ya watu kidogo kidogo. Pili, zamani uwanja huo ulichezwa pia kwa kuuzunguka kinyume na inavyofanyika sasa, kwa zamu. Banka linaloonekana limewekwa ovyo lilikuwa na kazi yake kwa mtu aliyekuja kutoka upande wa pili. Ndiyo maana kila uwanja nikienda kuukagua, baada ya kuucheza huutembea kinyumenyume, kutoka grini, pale penye nyasi fupi na kitundu cha kuingizia mpira, hadi pa kuanzia. Watu hunitazama kama mganga.

Halafu kuna ule upana. Grini saba pale zinatumiwa na mashimo mawili mawili, na namba zake ukizijumlisha hupata 18 daima: la 2 na la 16, la 7 na la 11, hivyo hivyo. Kushoto kuna nafasi tele, unaweza kupiga macho yamefumba. Mgeni anaona uwanja mwepesi. Lakini ukikimbilia kushoto, mara nyingi kwenye mkwaju unaofuata unakuta banka limekaa kati yako na bendera. Shimo la 17 ndilo linalofundisha hili vizuri zaidi: anayethubutu kupita karibu na ukuta wa kulia hupata njia ya wazi kiasi, anayejificha kushoto lazima apambane na banka dogo lenye kina lililo ubavuni mwa grini. Hofu yako ya mkwaju wa kwanza unailipia kwenye wa pili.

Mimi nami niliwahi kuhukumu kwa pupa. Klabu moja ya pwani iliniita Januari nikague uwanja wake. Katika shimo moja linaloelekea kusini kulikuwa na banka katikati kabisa ya njia. Nililipita kwa mbali, tena bila kujitahidi. Nikaandika: lifukiwe, linawaonea wanyonge tu, wachezaji wazuri hata hawalioni. Kedi mmoja mzee, mbeba fimbo za wachezaji, aliponisikia nikilisema hilo akaguna.

"Mwanangu, huu ni kaskazi, unakusukuma mgongoni. Njoo wakati wa kusi, ndipo useme."

Nilidhani ananitania. Nikarudi Julai kwa shughuli nyingine, nikaomba nipige mpira mmoja tu hapo. Upepo ulikuwa usoni, umejaa chumvi. Nilipiga mkwaju ambao hadi leo nauhesabu miongoni mwa mikwaju yangu bora. Mpira ukapanda, ukasita hewani, ukashuka wima katikati ya lile banka.

Yule mzee hakusema neno. Alinipa reki.