Chai ya msindano na maana ya kuichanganya

Chai ya msindano ni kinywaji kinachopatikana kwa kuloweka katika maji ya moto majani mabichi ya miti ya jamii ya misonobari. Hapa Tabora muuza mbao ataiita miti hiyo paini na ofisa misitu ataiita misindano, kwa sababu majani yake ni membamba, marefu na yana ncha. Kwa hesabu ya wataalamu wa mimea hii si chai hata kidogo, kwa kuwa ndani yake hamna jani la mchai. Lakini sisi ambao tumezoea kusema chai ya mchaichai na chai ya tangawizi hatuna sababu ya kulikwepa jina hilo.

Katika nchi za baridi, dhana hii huenda pamoja na mambo mawili: mti uwe wa kijani mwaka mzima, na majani yachumwe porini. Kwetu mambo hayo mawili hayakutani. Pori la Tabora ni la miombo, ambayo hupukutisha majani kiangazi na kuchipua mapya mekundu kabla mvua hazijaanza. Mtu huingia humo kuokota uyoga au kuchuma furu, wala hatakuta msindano ulioota wenyewe tangu enzi za mababu, kwa kuwa Afrika kusini mwa Sahara haina msonobari wa asili. Misindano tunayoiona imepandwa, iwe shambani, uwanjani mwa shule au kandokando ya kanisa. Kwa hiyo neno “kuchuma porini” likiletwa huku lichukuliwe kwa maana ya kuchuma kwenye mti ambao haukupandwa kwa ajili ya chai, na mwenye mti aombwe ruhusa kwanza.

Sifa ya kinywaji hiki ilitokana na shida. Katika majira ya baridi ya 1535 hadi 1536, msafara wa Mfaransa Jacques Cartier ulikwama kwenye barafu karibu na mahali ambapo leo upo mji wa Quebec, Kanada, na watu wapatao 25 kati ya 110 hivi wakafa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, hadi wenyeji walipowaonyesha mti wa kijani ambao majani na magome yake yalichemshwa, wagonjwa wakanywa wakapona. Wataalamu wangali wanabishana ulikuwa mti gani. Vivyo hivyo, mji wa Leningrad (leo St. Petersburg, Urusi) ulipozingirwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watu walitengenezewa maji ya majani ya misonobari ili wapate vitamini C. Mtu wa Tabora, aliyezungukwa na maembe, ukwaju na ubuyu, hana haja hiyo. Yeye ataunywa msindano kwa ajili ya harufu yake tu, na atakayemwambia kwamba unatibu kila ugonjwa atakuwa anampigia chai ya aina nyingine.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni kuujua mti wenyewe. Jani la msindano wa kawaida wa mashambani hutoka katika kifungu, mara nyingi majani matatu pamoja, yakiwa yameshikwa chini na kigamba chembamba cha kahawia. Mvinje huwadanganya wengi, kwa maana ukiutazama kwa mbali utadhani nao una sindano; ushike uzi wake mmoja uuvute polepole, nao utakatika kwenye pingili kama unyasi, kwa kuwa ule si jani bali ni kijitawi. Mkaratusi nao ni wa kijani mwaka mzima, na wengi waliutia kwenye nyungu mwaka 2020, lakini kujifukiza ni jambo moja na kunywa ni jingine: mafuta yake yakinywewa huweza kumdhuru mtu vibaya. Ulaya na Marekani kuna mti uitwao yew, wenye majani bapa na membamba, ambao ni sumu ya kuua. Mama mjamzito asinywe kabisa chai ya msindano, kwani iko misonobari ambayo imethibitika kuharibu mimba za ng’ombe wanaoila.

Msindano ukinywewa peke yake huwa na ladha ya karakana ya seremala asubuhi, ubao ukiwa ndiyo kwanza umerandwa, pamoja na ukali kidogo wa ganda la chungwa. Ndiyo maana huchanganywa. Chuma majani mabichi ya kijani mbali na vumbi la barabara na mahali palipopuliziwa dawa, yaoshe, ondoa vile vigamba vya kahawia, kisha yakate kwa mkasi vipande vya urefu wa pingili ya kidole. Kijiko kikubwa kimoja kinatosha kikombe. Usiyachemshe, kwa sababu moto mkali hufukuza harufu, hupunguza vitamini C na kuacha uchungu wa utomvu. Epua maji, subiri kidogo, tia majani, funika kwa dakika 10 hadi 15.

Mwenzi wake bora ni mchaichai, ambao harufu yake inakaribiana na ile ya ganda la chungwa na huipunguza nguvu ile ya ubao. Iliki punje moja au mbili inapendeza. Tangawizi, kwa maoni yangu, ni ya kuogopwa: ikizidi kipande chembamba, kikombe chote kinakuwa chake. Majani ya chai yenyewe, ukiyataka kwa ajili ya rangi, yatie mwishoni kwa dakika mbili tu, la sivyo utakunywa chai ya rangi ya kila siku iliyopitiwa na harufu ya mbao. Anayetaka kuweka akiba ayakaushe majani kivulini na kuyafungia ndani ya kopo, akijua kwamba harufu itapungua na atalazimika kuongeza kipimo. Utamu na uwe wa asali, na hapa tuna bahati: asali nyeusi ya miombo ina ukali wake wenyewe, hivyo nusu kijiko kinatosha, na itiwe kinywaji kikiwa kimepoa kiasi cha kushikika kikombe mkononi.