Umepunguzwa kazi na miaka 53? Isome barua kabla ya kusaini

Wanachama wengi wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Tanzania, wanaokuja kutuona baada ya kupunguzwa kazi wana swali moja: "Hela yangu naipata lini?" Ni swali la haki, hasa kama kuna mtoto anadaiwa ada chuoni. Ila kwa mfanyakazi wa sekta binafsi aliyevuka hamsini, sehemu kubwa ya jibu imo kwenye barua aliyotoka nayo kazini.

Kampuni inapotaka kupunguza watu bila kelele, hutokea mfanyakazi akaitwa pembeni na kuambiwa: "Mzee, wewe andika tu barua ya kujiuzulu, malipo yako tutayaharakisha." Mzee anaandika, anashukuru, anaondoka. Akifika NSSF kuomba fao la kukosa ajira, anaambiwa hastahili, kwa sababu fao hilo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Linamhusu Mtanzania aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hajafikisha miaka 55, ajira yake imekoma bila yeye kujiuzulu na bado hajapata kazi nyingine. Kiwango chake ni theluthi moja ya mshahara wa mwisho kila mwezi, kwa miezi sita. Aliyekuwa akipata shilingi 900,000 angelipwa 300,000 kwa mwezi, jumla 1,800,000. Sentensi moja ya "naomba kuacha kazi" imeziondoa zote.

Imemwondolea pia hoja ya kudai kiinua mgongo, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa malipo hayo aliyeachishwa na mwajiri. Hesabu yake ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, mwisho miaka kumi. Kwa hiyo aliyetumikia miaka 22 analipwa siku 70, sawa na aliyetumikia kumi. Inauma, na binafsi sioni uadilifu wake, lakini ndivyo ilivyo, isipokuwa kama mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama chenu cha wafanyakazi na mwajiri, unatoa zaidi. Utafuteni mkataba huo. Wengi wanaukatia ada kila mwezi na hawajawahi kuufungua. Notisi, likizo ambazo hukwenda na cheti cha utumishi ni haki zako pia.

Ukiona umeachishwa isivyo halali, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Usizimalize siku hizo ukisubiri bosi apokee simu. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda, na sababu zako ziwe nzito.

Sasa tuje kwenye miezi ya michango. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na unaweza kustaafu kwa hiari ukifikisha 55 au kwa lazima ukifikisha 60. Ukifika 60 miezi haijatimia, unalipwa mkupuo mara moja, basi. Chukua mtu wa miaka 53 mwenye miezi 168. Amebakiza miezi 12 tu kutimiza michango ya pensheni ya maisha, na mpango wa NSSF kwa waliojiajiri unapokea michango kuanzia shilingi 30,000 kwa mwezi. Mtu kama huyo akikimbilia kuuliza namna ya kujitoa kwenye Mfuko, namwomba kwanza akae chini tuhesabu.

Na hesabu isifanywe kwa kumbukumbu. Omba taarifa ya michango, uipitie mstari kwa mstari. Utakuta Machi ipo, Aprili hadi Julai hakuna kitu, Agosti ipo tena, ilhali salari slipu za miezi hiyo zinaonyesha ulikatwa. Hizo slipu ndizo ushahidi wako, na Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri hata mahakamani. Dai mapema. Kampuni inayopunguza watu leo inaweza kufunga ofisi kesho, na kumtafuta aliyefunga ofisi ni kazi nyingine.

Bima ya afya ndiyo hukatika kwanza, mara nyingi kabla hata ya mafao kutoka. Kadi iliyolipiwa na mwajiri hufa pamoja na ajira, na ya mwenza na watoto hufa siku hiyo hiyo. Utaratibu wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, unaomwachia mstaafu aliyekuwa mchangiaji matibabu yake na ya mwenza wake ni wa mstaafu. Kupunguzwa kazi si kustaafu. Mnapojadiliana masharti ya kuondoka, ombeni bima ibaki hadi mwisho wa mwaka wa mkataba wa bima wa kampuni. Waajiri wengi hawalikatai hili kwa sababu wameshalilipia. Tatizo ni kwamba hakuna anayeomba.

Mwenye presha au kisukari aende kliniki kadi ikiwa bado hai: achukue dawa, afanye vipimo, aombe muhtasari wa matibabu yake kwa maandishi. Vifurushi vya hiari huwa na muda wa kusubiri kwa baadhi ya huduma, na umri ukiwa mkubwa mchango nao hupanda. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imefungua njia ya kaya isiyo na mwajiri kujiunga. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: dawa zako za kila siku zimo, na huduma inaanza tarehe ngapi?