Kliniki anaenda mama, lakini wanaoamua wako nyumbani

Ukipita zahanati yoyote ya kijijini siku ya kliniki ya wajawazito utawakuta kina mama wamejaa kwenye mabenchi, kadi mkononi, nesi anawafundisha dalili za hatari na vidonge vya kuongeza damu na lishe, na ukiwauliza maswali wanakujibu vizuri kabisa. Alafu inafika usiku mmoja damu inaanza kutoka, na yule aliyefundishwa ndo huyo amelala chini hana nguvu hata ya kuongea. Anayeamua aende hospitali au asubiri kupambazuke ni mtu mwingine ambae hayo mafundisho hajawahi kuyasikia hata siku moja. Mimi kazi yangu ni afya ya mama na mtoto na hili jambo linaniumiza sana kwasababu linazuilika, na linazuilika kwa kuongea na watu sahihi mapema.

Tanzania tumepiga hatua kubwa na lazima tuseme. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulionyesha 556. Wanaojifungulia kwenye vituo sasa ivi ni kama wanane kati ya kumi. Ila angalia vichanga, yani watoto wa siku 0 hadi 28: kutoka vifo 25 kwa kila vizazi hai 1,000 tumefika 24. Karibu tumesimama palepale! Na sehemu kubwa ya hivi vifo vinatokea wiki ya kwanza, kipindi ambacho mama mara nyingi ameshapewa ruhusa yuko nyumbani, mtoto yuko mikononi mwa bibi.

Watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, mwaka 1994 waliandika kwamba mama anapopata shida ya uzazi kuna ucheleweshaji wa aina tatu, wa kwanza ni kuchelewa kuamua nyumbani, wa pili kuchelewa kufika kituoni, wa tatu kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Huo wa tatu ni wetu watoa huduma na serikali, familia haiwezi kulaumiwa. Lakini wa kwanza uko nyumbani moja kwa moja, na wa pili nusu yake uko nyumbani pia maana unahusu hela ya nauli, usafiri na nani abaki na watoto.

Sasa nani anaamua? Hapa watu wengi wanakosea wanafikiri ni mume tu. Inategemea uko wapi. Ukiwa Usukumani mara nyingi utakuta ni mume na wazazi wake, mama mkwe ana sauti kubwa sana kwenye mambo ya uzazi. Ukishuka kusini Lindi na Mtwara kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambako ukoo unahesabiwa upande wa mama, mjomba ana neno lake na mama mzazi ndo kila kitu, tena mabinti wengi wanarudi kwa mama zao kwenda kujifungua. Kwahiyo ukimfundisha mume peke yake alafu binti akaenda kujifungulia kwa mama yake vijiji vitatu mbele, umefundisha mtu ambae hatakuwepo. Muulize mjamzito mwenyewe mapema, ukizidiwa usiku nani atasema "twende"? Atakayemtaja, huyo ndo wa kumwita.

Na kikao cha familia kifanyike kabla, mimba ikiwa na miezi sita saba, watu wakiwa wametulia. Mkubaliane atajifungulia wapi, na kama ni mimba ya kwanza, au ya tano na kuendelea, au alishafanyiwa upasuaji, au presha inapanda, isiwe zahanati ndogo, aende panapofanyika upasuaji. Hela iwekwe kidogo kidogo, hata kama ni kwenye kikoba. Ndugu wawili wa kumtolea damu wajulikane, kwasababu damu ikihitajika inahitajika saa hiyo hiyo. Alafu msimu wa kilimo, hili watu wanalisahau kabisa: maeneo kama bonde la Kilombero na Rufiji familia zinahamia mashambani wiki nyingi kwenye mpunga, mbali na barabara, njia imejaa maji. Kama tarehe ya makadirio inaangukia msimu huo mama asiende shambani, au arudi kijijini mapema, na hilo hawezi kuliamua peke yake kama familia inamuona anakwepa kazi.

Kuhusu usafiri, kuna mfumo wa m-mama ulioanzia Kanda ya Ziwa na mwaka 2022 ukatangazwa kwenda nchi nzima. Unapiga 115 bure, wanakuuliza dalili, wakiona ni dharura wanatuma gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyesajiliwa, na familia hailipi nauli. Ni kwa mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na kichanga mpaka siku 28. Hiyo namba iwepo kwenye simu ya baba, ya mama mkwe na ya jirani ambae simu yake huwa ina chaji.

Dalili ambazo kila mtu mzima kwenye nyumba azijue sio nyingi. Kwa mama ni kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, mtoto kuacha kucheza tumboni, chupa kupasuka uchungu bado, au uchungu kupita masaa 12. Akishajifungua pia damu nyingi ni hatari, masaa 24 ya kwanza ndo mabaya zaidi. Na naomba sana kina bibi, zile dawa za kienyeji za kuongeza uchungu tuziache, zinafanya mji wa mimba ubane kupita kiasi mpaka unaweza kupasuka na mtoto anakosa hewa humo ndani. Najua zinatolewa kwa upendo, mtu anataka binti yake asiteseke, lakini madhara yake ni makubwa.

Tuje kwa kichanga maana hapa bibi ndo mwalimu mkuu na ndo maana lazima awe upande wetu. Mtoto awekwe titi ndani ya saa moja, yale maziwa ya mwanzo ya njano sio machafu, yana kinga, asikamuliwe yakamwagwa. Asipewe maji wala uji wala kitu kingine miezi sita. Asiogeshwe siku ya kwanza, asubiri masaa 24, akaushwe na afunikwe na kichwa kivalishwe kofia kwasababu kichanga anapoteza joto haraka sana hata Dar kwenye joto lote lile. Kitovu kisipakwe majivu wala mafuta wala poda, kiachwe kikavu, isipokuwa dawa mliyopewa na nesi. Mkimuona hanyonyi, anapumua haraka au kifua kinabonyea, wa moto sana au wa baridi, viganja na nyayo zimekuwa njano, kitovu kinatoa usaha, amelegea au anashtuka degedege, ni kituoni sasa hivi, sio kesho. Degedege la kichanga linaua na bado kuna wanaolipeleka kwa mganga kwanza, wengine wanapeleka watoto kukatwa kimeo au kung'olewa "meno ya plastiki", yani meno machanga ambayo hayajaota, mtoto anaishia kupata maambukizi au kupoteza damu.

Kuna na suala la arobaini, mama na mtoto wanakaa ndani. Mama apumzike kweli, ni desturi nzuri, ila isimzuie kurudi kituoni siku ya saba kuangaliwa yeye na mtoto. Mfunikeni mtoto vizuri, muende, mrudi.

Kina baba na nyie mna kazi yenu. Mtoto njiti anakua kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, ile huduma ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na kutolewa 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuanza mara tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri mtoto atulie kunapunguza vifo vya watoto hawa kwa asilimia 25. Hicho kifua sio lazima kiwe cha mama muda wote, mama anahitaji kulala na kula. Kifua cha baba kina joto lilelile, cha bibi pia.

Tusidanganyane pia kwamba elimu ya familia peke yake inatosha. Lindi na Mtwara kulifanyika mradi mkubwa wa utafiti wa INSIST, watu wa kujitolea walikuwa wanatembelea wajawazito na waliojifungua majumbani wanawafundisha utunzaji wa kichanga. Tabia zilibadilika, watoto zaidi walinyonya mapema, lakini vifo havikuonekana kushuka. Familia ikifika mapema ikute nesi, dawa, mashine ya kumsaidia mtoto kupumua na umeme, hayo ni ya kudai kwenye mkutano wa kijiji na kamati ya zahanati.

Na manesi wenzangu, hili la "njoo na mwenza" lisigeuke fimbo. Kuna sehemu mama asiye na mume anarudishwa akalete barua ya mwenyekiti, matokeo yake anakata tamaa anakuja mimba ina miezi nane au haji kabisa. Binti aliyekimbiwa na mwanaume ana familia pia, ana shangazi, ana dada, ana bibi yake. Akija na shangazi, mpe huyo shangazi kiti, mwonyeshe kadi, msomee tarehe ya makadirio, alafu muulize yeye usiku ule damu ikianza kutoka atampigia nani.