Dawa inapovunjwa kabla ya kumfikia mdudu

"Mwili wangu umeshaizoea amoksilini, nipe kali zaidi." Kauli hii ni ya kawaida kwenye maduka ya dawa hapa Mwanza, iwe Kirumba au Buhongwa. Lakini mwili hauzoei antibaiotiki. Wanaobadilika ni bakteria, na mbinu yao mojawapo kubwa ni kutengeneza vimeng'enya vya kuiharibu dawa.

Penisilini na ndugu zake, amoksilini na seftriaksoni wakiwemo, wana pete ndogo ya pembe nne iitwayo beta-laktamu. Pete hiyo ndiyo inayozuia bakteria kujenga ukuta wake. Kimeng'enya cha beta-laktamasi huipasua kwa kutumia maji tu, na hapo dawa inabaki kama ndoano iliyonyooshwa: chuma ni kilekile, ila samaki hanasi. Molekuli moja ya kimeng'enya cha TEM-1 huweza kuvunja zaidi ya molekuli 1,000 za penisilini kwa sekunde. Sasa kujiongezea vidonge viwili vitatu nyumbani kutafaa nini?

Silaha hii hatukuwapa sisi. Watafiti Abraham na Chain waliieleza mwaka 1940, penisilini ikiwa bado haijasambaa hospitalini. Tunachofanya kwa kumeza dawa ovyo ni kuwaua wasio nayo, wenye nayo wakabaki na uwanja wao.

Tafiti za hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, zimekuta aina ya beta-laktamasi iitwayo CTX-M-15, inayovunja hata seftriaksoni, sindano ambayo wengi huiona ndiyo kiboko ya kila kitu. Maelekezo ya kuitengeneza hukaa kwenye kipande cha DNA kiitwacho plasmidi, ambacho bakteria aitwaye E. coli anaweza kumrithisha bakteria wa aina nyingine, Klebsiella, aliye jirani yake. Mara nyingi kipande hicho hubeba pia usugu wa jentamaisini, antibaiotiki ya aina nyingine. Hiyo haivunjwi, hubandikwa kemikali ikashindwa kushika pale inapopaswa.

Maabara tunaliona kwa macho. Juu ya sahani yenye bakteria tunaweka kidonge cha karatasi chenye seftriaksoni, na pembeni yake chenye amoksilini na asidi ya klavulaniki, ambayo hukifunga kimeng'enya. Kesho yake bakteria wameota hadi karibu na seftriaksoni, isipokuwa upande unaotazama klavulaniki: pale pametanuka eneo tupu, umbo la tundu la ufunguo.

Ukiandikiwa kuotesha mkojo, yaani kuutafuta bakteria maabara, nawa kwanza, acha wa mwanzo umwagike, kinga wa katikati, tena kabla ya dozi ya kwanza. Kama umeshaanza dawa, itaje jina kwa mtu wa maabara, hata kama ulijinunulia mwenyewe. Hatukugombezi.